Jiwe la Shangazi Mwajuma

Nilipokuwa mtoto, sikuhesabiwa kuwa na hasira. Njaa nilikuwa nayo, na ilitambuliwa. Homa ilitambuliwa. Uvivu ndio usiseme, huo ulijulikana hadi kwa majirani. Lakini hasira ilikuwa mali ya watu wazima, kama ng'ombe na ugoro, na mtoto aliyeonekana amenuna aliambiwa akachote maji, itamtoka njiani.

Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji aelewe kwa nini kila ninapopelekwa ufukweni kupumzika napandwa na hasira. Wanaonijua hucheka, wanadhani ni utani wangu mwingine. Nimekwenda Pangani na wauguzi wenzangu, nikanuna kutwa. Nilipokuwa masomoni Ulaya, Wabulgaria, watu wakarimu sana, walitupeleka kwenye Bahari Nyeusi, mahali penye msitu wa misonobari, na mbele ya msitu vilima vya mchanga, na mbele ya vilima maji. Siku tulivu, jua la upole, kuku wa kukaanga kwenye kikapu. Wenzangu walivua viatu wakakimbia kama ndama. Mimi nilikaa chini ya mti nimekumbatia mkoba wangu kama mtu anayesubiri treni, mpaka mwalimu wetu akaja kuniuliza kama tumbo linaniuma. Nikamwambia ndiyo, linauma. Ningemweleza nini, kwa Kibulgaria changu cha kuombea mkate?

Ufukwe wangu wa kwanza haukuwa wa bahari. Kwetu upande wa Ikungi, bahari tuliisikia tu kutoka kwa wanaume waliorudi kutoka mashamba ya mkonge, na nusu ya waliyosema ilikuwa uongo. Sisi tulikuwa na ziwa la chumvi, safari ya kutwa kwa miguu. Unapita kwanza msitu wa migunga, mirefu, yenye kivuli chembamba. Halafu miti inakatika ghafla na mbele yako kuna vilima vya mchanga vilivyorundikwa na upepo. Ukivipanda unaliona ziwa lote chini yako, jeupe kingoni kama mdomo wa ndama aliyetoka kunyonya, na heroe, ndege wa miguu mirefu, wamesimama kwa mguu mmoja mmoja, wekundu wa kupauka, kama nguo zilizoanikwa na mtu akazisahau. Kila kiangazi, maji yakipungua, wanawake wa vijiji vya pande zote walikwenda kukwangua chumvi. Wanaume hawakwenda. Walisema ni kazi ya wanawake. Wanawake walisema ni mapumziko. Nadhani wote walisema kweli.

Kule mchangani kulikuwa na sharti. Hapakanyagwi na mtu mwenye kinyongo. Ziwa, tuliambiwa, lina masikio. Likisikia kinyongo linainuka, linairudisha chumvi yake tumboni. Kwa hiyo pale migunga inapoishia palikuwa na mwamba bapa. Kila mwanamke akifika aliokota kijiwe, akakisogeza mdomoni, akakinong'oneza: fulani amenifanyia hivi na hivi. Kisha akakitemea mate kidogo, akakiweka juu ya mwamba, akaingia mchangani akiwa mwepesi. Alasiri, wakati wa kutoka, kila mtu aliokota kijiwe chake akaondoka nacho.

Ndiyo, aliondoka nacho. Wageni ninaowasimulia hutikisa kichwa hapo: kwa nini wasiviache? Kwani wewe ukivua viatu mlangoni mwa watu, unarudi kwako peku? Hasira ilikuwa ya mtu, ameipata kwa jasho lake. Na kijiwe kikipotea, shauri limepotea pamoja nacho. Mwenyewe haruhusiwi kulitaja tena, si mbele ya wazee, si kisimani. Ndiyo maana kila mmoja alichagua jiwe atakalolitambua kwa mbali, na hakuna aliyethubutu kugusa la mwenzake.

Sasa niseme habari ya mama yangu, na mnivumilie.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa amekwenda mkonge, kama nusu ya wanaume wa kijiji, na nyumba ilikuwa mikononi mwa dada yake, Shangazi Mwajuma. Shangazi alikuwa mwanamke wa nguvu, mabega mapana, sauti ya kuswagia ng'ombe. Mwaka huo mvua zilichelewa. Asubuhi moja mawingu yakajaa, na mama, ambaye alikuwa na mtama uliopata unyevu ghalani, akautandaza uani ukauke. Mawingu yakaondoka. Basi. Hayo ndiyo yote aliyoyatenda mama yangu: alianika mtama.

Shangazi akasimama uani, mikono kiunoni. "Wifi! Umeifukuza mvua ili mtama wako ukauke!"

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimeona kwa macho yake, wakiwemo waliokuwa machungani siku hiyo. Mama akarudishwa kwao, ng'ambo ya mto, mpaka baba atakaporudi aamue. Mimi, mtoto wa ukoo wa baba, nikabaki. Nilikatazwa kuvuka mto. Nilikuwa na miaka kama kumi. Tangu hapo nimeona watu wakifukuzwa kazi kwa ulevi, wakifukuzwa vyuoni kwa siasa, na mimi mwenyewe nimewahi kushushwa kwenye treni ya watu kwa kubishana na mkaguzi kwa lugha ambayo hatukuijua wote wawili. Yote hayo nayaelewa. Lakini kwa kuanika mtama!

Palibaki mahali pamoja. Mchanga wa ziwani haukuwa wa kijiji chochote, na kwa kuwa hapakuwa na kinyongo pale, hapakuwa na wa kumzuia mtu kuonana na mtu. Wanawake wa ng'ambo ya mto nao walikuwa wakija. Siku moja kwa mwaka, basi, ningeweza kukaa na mama yangu. Ndiyo siku niliyokuwa nikiihesabia tangu mavuno.

Tuliondoka alfajiri, tukalala kijijini kwa jamaa wa Shangazi, na kesho yake jua likiwa bado la kuvumilika tukafika kwenye mwamba. Aliyesimamia pale alikuwa bibi mfupi tuliyemwita Mama Chumvi. Mgongo wake ulikuwa umepinda, pua imejaa ugoro, na alikuwa akipiga chafya katikati ya kila amri. Wanawake wakajipanga. Shangazi akaokota jiwe jeupe lenye mstari mwekundu, mithili ya jino la mbuzi lenye damu, akaanza kulinong'oneza. Akanong'ona. Akanong'ona.

"Mwajuma," Mama Chumvi akasema, "hilo jiwe lina masikio, lakini kutwa nzima halina."

Wanawake wakacheka. Shangazi akatema mate, akaliweka. Zamu ikanifikia, nikainama kuokota langu.

"La nini hilo?" Shangazi akauliza.

"La hasira. Na mimi ninayo."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, kile hasa, cha kushika mbavu. Mama Chumvi akafuta machozi kwa kiganja. "Una hasira na nani, mjukuu wangu? Na panzi?"

"Ni ya kiporo," Shangazi akadakia. "Juzi mwenzake alimmalizia kiporo cha ugali. Chukua vibuyu, Salima, upite."

Nikachukua vibuyu nikapita. Yule niliyekuwa na hasira naye ndiye aliyeniambia sina. Nikaingia mchangani na hasira yangu yote, nzima, haijaguswa hata pembeni, na kama kweli ziwa lile lina masikio basi lilinisikia nikiwa bado juu ya kilima.

Mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo mweupe, ungo mapajani, akikwangua kwa kigae. Nilitaka kukimbia nimrukie, lakini nilijua adabu, nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. "Umekonda. Wanakupa nini kule?"

"Ugali."

"Na mboga?"

"Maneno."

Akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Halafu akanivuta, akanibana kichwa kwapani mwake. Alikuwa na harufu ya moshi wa kwao, si ya moshi wa kwetu. Hilo liliniudhi pia. Nilikuwa mtoto wa kuudhika.

Ningependa kusema siku ile ilikuwa mbaya tangu mwanzo, lakini ningekuwa mwongo kama watu wa mkonge. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Mama alinisuka nywele huku akinisimulia habari za mbuzi wa kwao aliyekula kofia ya karani. Watoto tulipewa kipande cha ngozi ya ng'ombe, tukakikalia juu ya kilima na kuteleza hadi chini, mchanga ukatuingia hata masikioni. Wanawake wa vijiji viwili vilivyokuwa na kesi ya malisho walikula chungu kimoja. Chumvi ilikwanguliwa, ikarundikwa vilima vidogo vidogo kando ya maji, kila mtu na chake, ikauke kabla ya kutiwa vikapuni. Upepo haukuwepo kabisa. Heroe walitupuuza.

Kisha nikasikia sauti ya Shangazi.

"Wifi! Njoo unikune mgongo, chumvi inaniwasha!"

Mama akainuka akaenda. Akamkuna. Shangazi akafumba macho kama paka, akasema, "Hapo, hapo, mikono yako mimi naikumbuka." Wakaanza kuongea habari za baba, jinsi anavyokoroma, jinsi alivyowahi kuiamsha nyumba ya jirani. Shangazi akamkatia mama nyama kavu, na alimkatia ule upande wenye mafuta. Wakacheka, vichwa vimegusana.

Sijui kama mtu mwingine amewahi kukasirishwa na amani kiasi kile. Kumbe wanaweza! Kumbe mwaka mzima ninalala peke yangu kwenye ngozi yangu ya kulalia, ninanusa nguo ya mama mpaka harufu imekwisha, na hawa wanaweza kukunana migongo! Kilichokuwa kati yao hakikuwa mvua, wala mtama, wala ukoo. Kilikuwa juu ya mwamba, cheupe, chenye mstari mwekundu, na jua likiinama kidogo tu Shangazi angekwenda kukiokota na kukirudisha nyumbani kwetu.

Kikipotea, shauri limepotea. Sheria yenyewe ilisema hivyo, sikuitunga mimi.

"Naenda haja," nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Nikapanda kilima, nikashuka upande wa pili, nikafika kwenye mwamba. Mama Chumvi alikuwa amelala kwenye kivuli cha mgunga, mdomo wazi. Nikalichukua jiwe. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotegemea.

Hapa naomba mnicheke, maana mimi nimejicheka miaka mingi bila kupona. Nyuma yangu palikuwa na msitu mzima. Palikuwa na mashimo ya nungunungu, vichaka vya miiba, vichuguu, mahali elfu moja pa kupotezea jiwe dogo mtu asilione mpaka kiama. Na mimi, pamoja na elimu yangu ya darasa la pili na wimbo wa Mfalme niliokuwa nauimba bila kujua hata neno moja maana yake, nikaona pa kulitupa ni ziwani. Maji ni mengi, nikafikiri. Nikafumba mkono, nikarudi mchangani na kinyongo cha mtu mwingine mkononi na changu kifuani, nikaenda mbali kidogo na watu, nikatupa kwa nguvu zangu zote. Likaanguka katikati ya heroe. Wakaruka wote kwa pamoja.

Nilikaa tena kando ya mama. Nilikuwa na furaha. Nilianza hata kupanga mahali atakapoweka ungo wake nyumbani.

Upepo ulikuja baadaye kidogo.

Najua mnachotaka kusema. Nimesoma, nami najua. Ziwa lile kina chake ni cha magoti, chini yake ni tambarare kama sinia, na upepo wa alasiri ukivuma kutoka upande wa pili unayasukuma maji yote yaje upande huu. Mtaalamu mmoja wa maji alinichorea hata kwenye karatasi, kwa mishale. Mchoro mzuri. Lakini yeye hakuwa pale. Hakuona maji yakija bila wimbi, bila sauti, yakitambaa kama maziwa yanayofurika chunguni. Mtu alipiga kelele. Tulipogeuka, kilima cha kwanza cha chumvi kilikuwa kimekaa ndani ya maji, kikakaa kidogo, kikayeyuka. Kisha cha pili. Wanawake wakakimbilia nyungo, vikapu, nguo zao, wakazoa matope. Kazi ya siku nzima, ya vijiji vyote, chumvi ya watu na ya mifugo ya mwaka mzima, ikarudi tumboni.

"Tokeni!" Mama Chumvi alikuwa amesimama juu ya kilima, na safari hii hakupiga chafya. "Tokeni wote! Kwenye mwamba!"

Tukasimama kuuzunguka mwamba, tumelowa, miguu myeupe. Kila mwanamke akaokota kijiwe chake. Vilipokwisha, Shangazi alikuwa amesimama mikono mitupu.

"Langu halipo," akasema.

"Umeingia nalo," mtu akasema nyuma.

"Mimi? Mmeniona nikiliweka! Mama Chumvi, wewe umeniona!"

"Nimekuona," Mama Chumvi akajibu. "Basi kuna aliyelichukua. Kilichoingia mchangani kimeingia na mtu. Aseme mwenyewe. Akisema, afungiwe mchanga yeye peke yake, asiukanyage tena. Asiposema, nitafungia kijiji chake, na mimi nitajua ni kipi."

Niliwatazama wanawake wa ng'ambo ya mto, nikaona jinsi macho yalivyokuwa yakiwaendea wao, na miongoni mwao yakimwendea mmoja.

"Ni mimi," nikasema.

Nilisema kwa sauti. Naapa nilisema kwa sauti. Wakacheka. Hakikuwa kile kicheko cha asubuhi, kilikuwa kifupi, kikavu, cha watu waliopoteza chumvi, lakini wakacheka. "Nyamaza wewe," mmoja akasema, "watu wazima wanaongea." Waliamini kwamba ziwa husikia mnong'ono wa kinyongo kutoka chini kabisa ya moyo wa mtu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yao nikitaja kosa langu kwa mdomo wangu, wasinisikie.

Mama Chumvi peke yake hakucheka. Alinitazama. Akafungua mdomo aniulize kitu.

"Ni mimi nimelichukua," mama akasema.

Akapita mbele yangu, akasimama kati yangu na yule bibi, mgongo wake usoni pangu. Sikuona uso wake. Nilisikia tu sauti, ya kawaida kabisa, kama anasema uji umeiva.

"Kwa nini, binti?"

"Nilitaka wifi yangu asirudi nalo."

Angalieni maneno hayo. Aliyajuaje? Hakuna niliyemwambia.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Mama, hapana, ni mimi, nimelitupa pale, kwa heroe..." Mkono ukaniziba mdomo kutoka nyuma. Ulikuwa wa Shangazi. Nikauuma. Niliuuma mpaka nikaonja damu, na hakuuondoa.

Mama akafungiwa mchanga, maisha yake yote. Akaambiwa aondoke kwanza, kabla ya wengine, asitazame nyuma, na hakutazama. Nilimwona akipita kati ya migunga na ungo wake mtupu kichwani. Shauri la mvua, kwa sheria, lilikuwa limezama. Shangazi hakulitaja tena, alikuwa mtu wa kufuata sheria. Lakini hasira ya zamani ilizama, na palepale ikazaliwa mpya, nono kuliko ile, ya vijiji vyote. Baba aliporudi kutoka mkonge, akikohoa, wazee walimweleza habari ya ziwa tu. Hakumrudisha mama. Na ile siku yetu moja kwa mwaka nilikuwa nimeitupa mimi, kwa mkono wangu wa kulia.

Nilikwenda ziwani miaka mingine mitatu, nikakwangua chumvi. Sikuteleza tena kwenye kilima. Watu walisema nimekua.

Nilivuka mto nilipopata kazi hospitalini, nimevaa viatu, hakuna wa kunikataza. Nilimkuta mama anapepeta uwele. Baada ya salamu, kabla hata sijakalishwa, nikamwuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Ulikuwa unakaribia kuaminiwa," akasema. "Nilimwona yule bibi. Angekuuliza mara moja tu, na wewe ungejibu, maana hujawahi kujua kunyamaza. Msichana aliyefungiwa mchanga hakuna anayempa hata mtungi amsaidie kubeba. Angekuoa nani? Angekupa nani kazi?"

"Wazungu wamenipa kazi. Hawajui hata ziwa liko wapi."

"Mimi nilijuaje kwamba utapata wazungu?"

Tukacheka, nikakaa, nikala. Lakini nililia njia nzima ya kurudi, na ilinichukua miaka kukiri kilichokuwa kinaniliza. Nilikuwa nimemkasirikia mama. Kumkasirikia Shangazi kulikuwa rahisi, kama kuteremka kilima. Ila mama ndiye aliyeninyang'anya neno langu mdomoni. Nilikuwa tayari kulilipa. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa tayari, na yeye akalipa kwa niaba yangu bila kuniuliza, akatoa siku zetu zote zilizobaki, zake na zangu. Unamwambiaje mtu aliyekupenda hivyo kwamba umekasirika? Sikumwambia. Nilimletea vitenge kutoka kila nchi niliyopita, mpaka akaniuliza kama nafungua duka.

Alifariki miaka michache iliyopita. Shangazi Mwajuma alikuja msibani, ameshikwa mikono huku na huku, mabega yale yamekwisha kabisa. Alilia, na alilia kweli, najua kilio cha msibani na najua cha kweli. Siku ya tatu tulibaki wawili kwenye mkeka.

"Salima," akasema, "mimi nilikuona siku ile."

"Uliniona wapi?"

"Ukitoka kwenye migunga. Umefumba mkono. Mtoto anayetoka haja hafumbi mkono."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema, wangekufungia wewe."

"Na mama je?"

Alivuta pumzi. "Mama yako nilikuwa simtaki."

"Sasa ulinyamaza kwa ajili yangu, Shangazi, au kwa ajili yako?"

"Nimejiuliza mpaka nimezeeka," akasema. "Yote mawili, mwanangu. Siku nyingine naona zaidi hili, siku nyingine lile."

Watu hupenda niwaambie kama naamini ziwa lilisikia. Siku hizi sijali sana. Nikiwaza siku ile nawaza wale wanawake wawili wasiopendana, waliosimama mbele yangu na nyuma yangu, mmoja kanifunika kwa mgongo, mwingine kwa mkono, wote wawili wakilinda uongo mmoja ili mimi nipate maisha. Nimeyapata. Yamekuwa maisha mazuri, yenye treni na bahari na vicheko. Lakini mtu mmoja alitolewa ili niyapate, na mmojawapo wa waliomtoa alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu, mzee, mkweli, akitetemeka kwa baridi. Nilikuwa na hasira naye. Ninayo hadi sasa ninapoandika. Sikuona kama inanizuia kuinuka.

Nikaenda jikoni, nikamletea uji, nikamshikia bakuli maana vidole vyake havikuwa na nguvu tena. Nikamwuliza kama sukari inatosha.

Akasema haitoshi. Nikarudi kuongeza.